Ua wa Makontena Unauzwa: Pimeni Kisima Kwanza



Wenzetu wa kiwandani wanaokaa katika ua mmoja wa makontena upande wa Gudele, mjini Juba, wametuletea swali ambalo tumeona linastahili kujibiwa mbele ya wote. Mwenye ua ametangaza kwamba anauza. Ua una vyumba 30, kisima kirefu chenye pampu ya umeme, matangi mawili na jenereta. Wapangaji wamekaa kikao wakasema: kodi tunailipa kila mwezi, maji tunayalipa kila mwezi, kwa nini tusiunganishe akiba zetu, pamoja na malipo ya wale waliopunguzwa kazini, tukanunua wenyewe? Wanataka kujua kama ni busara, na kama ni busara, waanzie wapi.

Yaweza kuwa busara. Lakini ieleweke tangu mwanzo kwamba kinachouzwa pale si makontena. Makontena ni kitu cha mwisho kuangaliwa. Kinachouzwa ni maji ya kisima pamoja na haki ya kukaa juu ya kile kiwanja. Katika hayo mawili, kisima ndicho kinachowadanganya watu upesi zaidi, kwa sababu kimefichika ardhini na siku ya kuonyeshwa mali maji hutoka vizuri tu.

Kabla ya kufika kwenye kisima, tukumbushane nyua hizi zilianzaje. Mkataba wa amani ulipotiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005, Juba ilikuwa mji wenye majengo machache yaliyofaa kulalwa. Mashirika ya misaada, makampuni ya ujenzi na maofisa walifika kwa wingi, na kila mmoja alitaka kitanda. Kwanza yalikuja mahema, kisha vyumba vya bati vilivyotengenezwa tayari pamoja na makontena, vikiletwa kwa malori kutoka Mombasa kupitia Uganda hadi Nimule. Mtu alikodi kiwanja, akayapanga makontena kwa mistari, akachimba kisima au akavuta maji ya Nile, akawasha jenereta. Chumba kimoja cha bati kiliweza kukodishwa kwa zaidi ya dola 100 kwa usiku mmoja. Wengi wetu tuliotoka Kenya na Uganda tulifika Juba kwa ajili ya nyua hizo hizo, tukiwa wapishi, madereva, mafundi umeme na wafagiaji.

Bei zile hazikudumu. Januari 2012 mafuta yalisimamishwa, na hazina ya nchi ikakauka. Desemba 2013 vita vilianza, na Julai 2016 mapigano yakarudi tena mjini. Kila mara wageni walipanda ndege, makontena yakabaki. Mwaka 2025 misaada ya Marekani ilipunguzwa sana duniani kote, na mashirika mengi yakapunguza watu. Kwa hiyo muuzaji akikufungulia daftari la kodi za miaka ya neema, mshukuru kisha ulifunge. Hesabu ya kweli ni ya watu wanaolala pale usiku wa leo na wanaolipa bila kusukumwa.

Sasa kisima.

Sehemu kubwa ya mji wa Juba imekaa juu ya mwamba mgumu wa kale, ule ule unaoonekana umejitokeza juu kule Jebel Kujur. Mwamba kama huo hauna ziwa chini yake kama wengine wanavyodhani. Maji hukaa katika tabaka la mwamba uliooza na katika nyufa. Mchimbaji akiubahatisha ufa mzuri, maji hupatikana. Akiukosa, hupata unyevu tu. Visima viwili vilivyoachana hatua hamsini vyaweza kuwa tofauti kama mchana na usiku. Kwa sababu hiyo kisima kizuri cha jirani si ushahidi wa lolote, wala kina kirefu si ushahidi. Kuna watu wanaojivunia urefu wa kisima kama kwamba maji huuzwa kwa mita.

Kuna njia ya kupima ambayo haihitaji shule kubwa. Chukueni dumu la lita 20 na saa yenye mshale wa sekunde. Pampu iwashwe, dumu liwekwe mdomoni mwa bomba kabla maji hayajaingia tangini, mhesabu sekunde mpaka lijae. Likijaa kwa sekunde 40, kisima kinatoa nusu lita kwa sekunde, yaani lita 1,800 kwa saa. Lakini kipimo cha dakika ya kwanza ni kipimo cha maji yaliyokuwa yamelala bombani usiku kucha. Sharti pampu iendelee. Pimeni kila saa na kuandika, mchana na usiku, muda wa saa 24. Pawepo na fundi mwenye kamba ya kupimia ili aandike pia maji yameshuka mita ngapi ndani ya kisima, na baada ya pampu kuzimwa, yamechukua muda gani kurudi yalipokuwa. Kisima kinachoshuka kidogo kisha kikatulia ni kisima. Kinachozidi kushuka kila saa bila kutulia ni tangi lililozikwa, nanyi mnalimaliza. Na kazi hii ifanywe Februari au Machi, ukiwa mwisho wa kiangazi, maana kuanzia Aprili mvua hukipamba kila kisima. Muuzaji akikataa pampu yake iendeshwe siku nzima, amekwisha kujibu.

Baada ya hapo pigeni hesabu ya matumizi. Vyumba 30, watu wawili kila chumba, ni watu 60. Vipimo vya kimataifa vya wakati wa maafa husema mtu apate angalau lita 15 kwa siku, lakini hicho ni kipimo cha kambi ya wakimbizi, si cha mtu anayetoka zamu ya usiku akiwa na vumbi la kiwanda na nguo za kufua. Tuchukue lita 40. Watu 60 mara lita 40 ni lita 2,400 kwa siku. Kisima cha lita 1,800 kwa saa kitazitoa kwa saa moja na dakika ishirini, na hapo hamna shida. Lakini kama dumu lilichukua dakika tatu na sekunde ishirini kujaa, kisima kinatoa lita 360 tu kwa saa, na kwa saa nane ni lita 2,880. Maji yatatosha, ila kwa shida, wala hakuna nafasi ya mgeni au ya kazi ya kufua ya Jumapili.

Kisima cha namna hiyo si lazima kikataliwe. Kinachokiua ni pampu kubwa. Mtu huona maji ni machache, akanunua mota yenye nguvu zaidi. Mota inavuta kuliko mwamba unavyoleta, maji yanashuka chini ya pampu, mota inazunguka katika hewa na kuungua. Dawa yake ni kinyume chake: pampu ndogo, saa nyingi, tangi kubwa. Hapa ndipo pampu za nguvu za jua zinapofaa, kwa kuwa zinavuta polepole tangu asubuhi hadi jioni bila kunywa dizeli, na jua la Juba hatulinunui.

Kuna hesabu moja zaidi, na tungeomba kila mwanachama aifanye mwenyewe nyumbani. Maji ya gari Juba huuzwa kwa pipa la lita 200. Lita 2,400 ni mapipa 12 kwa siku, yaani mapipa 360 kwa mwezi. Zidisheni 360 kwa bei ya pipa mlangoni kwenu leo. Jumla mtakayoipata ndiyo thamani ya kisima kwa mwezi mmoja, na pia ndiyo deni litakalowaangukia siku kitakapokufa. Toeni jumla hiyo katika kodi inayokusanywa. Kama hakibaki kitu, basi ua wote unategemea bomba moja, na bei ya muuzaji yapasa ishuke kwa kadiri hiyo.

Wingi wa maji hautoshi, yafaa pia kuyajua maji yenyewe. Visima kadhaa vya Juba vina chumvi kiasi kwamba watu huviacha kwa kuogea na kununua maji ya kunywa kwingine. Hilo ulimi utakuambia. Lakini ulimi hautakuambia juu ya vijidudu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 juu ya visima vya Juba ulikuta dalili za kinyesi katika zaidi ya nusu ya vyanzo vilivyopimwa, na humo vilikuwamo visima virefu vyenye pampu. Sababu haihitaji mganga. Mji umekua haraka, vyoo vya mashimo vimechimbwa kila kiwanja, na maji ya mvua hupenya pembeni mwa bomba la kisima lisilozibwa vizuri. Mei 2014 kipindupindu kilitangazwa Juba, na Juni 2015 kikatangazwa tena. Wenye kumbukumbu hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo zungukeni ua. Kanuni ya kawaida ni kwamba choo cha shimo kiwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi. Viwanja vingi havina nafasi hiyo, basi msipime choo chenu peke yake. Chunguliени ng'ambo ya ukuta, maana choo cha jirani chaweza kuwa karibu na kisima chenu kuliko cha kwenu. Tazameni kichwa cha kisima: bomba lisimame juu ya ardhi, lifunikwe, na sakafu ya saruji isiyo na nyufa iyaondoe maji yanayomwagika. Mkikuta dimbwi limezunguka kisima, mmekuta njia ya uchafu.

Kisha maji yapelekwe maabara. Chupa ichukuliwe maabarani kwenyewe, ijazwe na mjumbe wenu wala si kijana wa muuzaji, iwekwe penye baridi, ifike siku hiyo hiyo. Ombeni wapime vijidudu vya kinyesi, chumvi, floridi na naitreti. Hii ya mwisho hutokana na vyoo na mbolea, haina rangi wala harufu, na ni hatari kwa watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 50 kwa lita. Klorini huua vijidudu, lakini haiondoi naitreti wala chumvi, na kuchemsha huzizidisha, kwa kuwa maji hupungua na zenyewe hubaki. Kisima chenye vijidudu chaweza kusafishwa, kuzibwa na kutiwa klorini kila siku. Kisima chenye naitreti nyingi hakiponyeki kwa bei ya wafanyakazi.

Mtu atauliza kama haya yote si makubwa mno kwa ua wa makontena. Huko Marekani mamilioni ya watu wanakaa katika nyumba za kuhamishika, zilizopangwa katika nyua kubwa, na nyingi za nyua hizo zina visima vyake. Chini ya sheria ya maji ya kunywa ya mwaka 1974, kisima kinachohudumia watu 25 kwa kawaida, au kilichounganishwa na nyumba 15, kinahesabiwa kuwa mtambo wa maji wa umma, na mwenyewe hana budi kupima na kutoa taarifa. Ua wa Gudele una watu 60. Mkiununua, mtakuwa mmenunua kampuni ya maji, mpende msipende.

Ni huko huko Marekani tunapata mfano wa pili. Mwaka 1984, katika jimbo la New Hampshire, wakazi wa ua mdogo uitwao Meredith Center walisikia kwamba ua wao unauzwa. Walikuwa kaya 13 tu. Wakaunda ushirika, wakakopeshwa na mfuko wa mikopo wa jimbo lao ambao ulikuwa ndio kwanza umeanza, wakanunua. Tangu hapo mamia ya nyua zimenunuliwa na wakazi kwa njia hiyo. Lakini tusiige bila kuangalia. Wale wa Meredith walikuwa na nyumba zao, wakakosa ardhi. Waliponunua, walinunua ardhi. Juba mambo mara nyingi yamegeuka. Mwenye ua ana makontena, na ardhi ni ya mwingine. Anachowauzia huenda ni mabati tu na miaka iliyobaki ya mkataba wake.

Kwa hiyo aulizwe: kiwanja hiki ulikipata kwa nani, kwa karatasi gani, na inakwisha lini? Sheria ya Ardhi ya mwaka 2009 inagawa ardhi katika mafungu matatu, ya umma, ya jamii na ya watu binafsi. Asiye raia hawezi kumiliki ardhi, bali aweza kupangishwa kwa muda. Kama kiwanja ni cha jamii, sahihi ya mtu mmoja anayejiita mwenyeji haitoshi. Kama kina karatasi ya serikali, mjumbe aende mwenyewe wizara ya ardhi ya jimbo na katika masijala ya ardhi iliyo chini ya mahakama, aone kama jina na namba ya kiwanja vinalingana, na kama hakuna mtu mwingine aliyeandikwa. Nakala iliyoletwa na muuzaji si kitu. Mwaka 2009 maelfu ya watu waliona nyumba zao zikibomolewa Juba kwa kuwa zilikuwa katika viwanja visivyopimwa au katika njia ya barabara. Kontena huhamishika kwa lori. Kisima hakihamishiki.

Wenzetu waliotoka nje ya nchi watashawishiwa kuandikisha mali kwa jina la rafiki mmoja mwenye uraia. Tunawasihi wasifanye hivyo, hata kama rafiki huyo ni mtu wa sala. Binadamu hufa, huoa, hugombana, na warithi wake hawakuwapo kwenye kikao chenu. Andikisheni ushirika, na mkataba wa ardhi uwe kwa jina la ushirika huo.

Kuhusu fedha tutasema machache, ila yana uzito. Pauni ya Sudan Kusini ilipoanza Julai 2011, dola moja ilikuwa karibu pauni tatu. Desemba 2015 ilipoachiwa kujipangia bei sokoni ikaruka kufikia pauni 18 na zaidi kwa siku chache, na leo ni maelfu. Kiwanda cha bia kilichofunguliwa Juba mwaka 2009 kilitangaza mwaka 2016 kusimamisha uzalishaji kwa kukosa fedha za kigeni, na watu wakarudi nyumbani. Mfanyakazi anayelipwa kwa pauni asikubali deni la dola. Akiba ya ushirika nayo isilale katika noti. Ikikusanywa nunueni vitu: pampu ya akiba, mabomba, nyaya, valvu, klorini. Pampu iliyo stoo haishuki thamani, na siku ile ya zamani itakapoungua hamtakwenda kukopa.

Katika uendeshaji, mchagueni mtu mmoja wa maji na mumlipe, kwa sababu kazi ya kila mtu huwa haifanywi na mtu yeyote. Awe na daftari: saa za pampu, lita zilizopanda, sekunde za dumu kila Jumatatu, na klorini iliyobaki bombani, ambayo yafaa iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Sekunde zikianza kuongezeka wiki hadi wiki, mtajua kisima kinachoka miezi kadhaa kabla hakijawaacha. Bei ya maji kwa wakazi iwe ni gharama ya kuyatoa pamoja na akiba ya pampu, basi. Na mwenzetu aliyepoteza kazi aweza kuwekewa utaratibu wa kodi, lakini bomba lisifungwe. Tumewalaumu wenye nyua miaka yote kwa kufunga bomba. Haitakuwa heshima kwetu kulifunga wenyewe.

Makontena yenyewe mwangalie mambo manne: kutu chini ya sakafu, nyaya na waya wa ardhini, kuta zenye sponji ndani ambazo hushika moto haraka, na kivuli. Bati la pili juu ya paa, likiachiwa nafasi ya hewa kupita, hupunguza sana joto la Machi.

Wenzetu wa Gudele wamekwisha kumwandikia muuzaji kuomba siku moja na usiku wake mmoja wa kuendesha pampu, dizeli wakitoa wao. Hadi tunakwenda mitamboni alikuwa hajajibu. Fedha bado ziko kwa wenyewe.